Fumbo la mantiki lenye jibu moja tu: mnalipimaje kabla ya kulitoa kwa kikundi?

mkazi_wa_donholm ameuliza:

Hamjambo wadau. Naandaa mafumbo ya kikundi cha chemshabongo hapa mtaani Donholm, Nairobi. Tunakutana Jumamosi alasiri, na katikati ya wiki fumbo moja hutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Wanachama ni mchanganyiko: wanafunzi wa sekondari, makondakta, mafundi, walimu wastaafu. Naomba msaada kwa mambo matatu.

La kwanza ni mafumbo ya jedwali, yale ya nani anaishi wapi, anapanda matatu gani, anatoka saa ngapi. Hutokea watu wawili wakaleta majibu tofauti, na ukiyapima yote mawili yanatimiza madokezo. Nitajuaje mapema kwamba jibu ni moja?

La pili, mafumbo maarufu kila mtu ameshayaona, kwa hiyo hubadilisha nambari. Mfano ni lile la watu wanne na tochi moja. Ni usiku, daraja linabeba wawili tu kwa mara moja, tochi lazima iwepo kila safari, na wawili wakivuka pamoja huenda kwa mwendo wa yule mzito. Swali ni dakika chache kabisa za wote kuvuka. Asili yake, mmojammoja huvuka kwa dakika 1, 2, 5 na 10. Nimeweka 1, 4, 5 na 10. Wanaokumbuka mbinu ya asili wanasema 23, wengine 21. Nani yuko sahihi?

La tatu, jibu huanikwa kundini kabla wengine hawajasoma hata swali. Mnalizuiaje?

---

Kalamu Nyekundu amejibu:

Karibu sana. Nitashika la jedwali, kwa sababu lina dawa ya uhakika nayo ni kuhesabu.

Kabla ya kuandika dokezo lolote, jua kuna mipangilio mingapi. Watu 3 na njia 3 za matatu hupangika kwa namna 6. Ukiongeza saa tatu tofauti za kuondoka unapata namna 6 nyingine, kwa hiyo jumla ni 6 × 6 = 36. Kwa watu 4 ni 24 × 24 = 576. Kwa watu 5 ni 120 × 120 = 14,400. Anza na watu watatu, maana mipangilio 36 inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari na unaweza kuikata mmoja mmoja kwa kalamu.

Mfano. Akinyi, Barasa na Mueni wanafanya kazi pamoja katikati ya jiji. Mmoja hupanda matatu ya njia namba 45 kutoka Githurai, mmoja 58 kutoka Buruburu, mmoja 111 kutoka Ngong. Mmoja huondoka kwake saa 11 alfajiri, mmoja saa 12 asubuhi, mmoja saa 1 asubuhi.

1. Anayetoka Ngong huondoka kabla ya Barasa.
2. Mueni hapandi 45.
3. Anayetoka Buruburu ndiye wa mwisho kuondoka.
4. Akinyi huondoka kabla ya anayetoka Ngong.

Sasa hesabu kinachobaki baada ya kila dokezo. Dokezo la 1 linasema mambo mawili kwa mpigo: Barasa hatoki Ngong, na wa Ngong anamtangulia. Basi wa Ngong ni Akinyi au Mueni (namna 2), wawili waliobaki wanagawana njia mbili (namna 2), na kati ya mipangilio 6 ya saa, ni 3 tu ambamo wa Ngong anamtangulia Barasa. 2 × 2 × 3 = 12. Kutoka 36 tumeshuka hadi 12 kwa sentensi moja, na dokezo la namna hiyo ndilo tamu.

Dokezo la 2 linaondoa mipangilio 3 ambamo Mueni yuko Githurai. Inabaki 9. Dokezo la 3 linaacha hii minne:

- Akinyi Ngong saa 11, Barasa Githurai saa 12, Mueni Buruburu saa 1
- Mueni Ngong saa 11, Akinyi Githurai saa 12, Barasa Buruburu saa 1
- Mueni Ngong saa 11, Barasa Githurai saa 12, Akinyi Buruburu saa 1
- Akinyi Githurai saa 11, Mueni Ngong saa 12, Barasa Buruburu saa 1

Dokezo la 4 linaua mitatu ya kwanza. Limebaki jibu moja: 36, 12, 9, 4, 1.

Ukifika mwisho ukabaki na 2, usiongeze dokezo kwa kubahatisha. Andika majibu yote mawili sambamba, tazama yanapotofautiana, kisha tunga dokezo linalogusa tofauti hiyo tu. Ukifika 0, madokezo yanapingana. Na dokezo lisilopunguza hesabu halina kazi hapo lilipo.

Kipimo cha pili ni kufunika. Funika dokezo moja kwa kidole, tatua kwa yaliyobaki, kisha hamia jingine. Kwenye mfano huu, ukifunika la 1 unapata majibu 2. Ukifunika la 3 unapata 2. Ukifunika la 4 unapata 4. Ukifunika la 2, jibu bado ni moja! Kwa hiyo la 2 ni la ziada: la 3 na la 4 kwa pamoja yanamlazimisha Akinyi awe Githurai saa 11, na la 1 linamalizia kazi.

Kuna kosa moja linaloonekana hata bila kuhesabu. Kama majina mawili hayajatajwa kwenye dokezo lolote, hayo mawili yanaweza kubadilishana nafasi na madokezo yote yakabaki kweli. Fumbo hilo haliwezi kuwa na jibu moja. Jina moja lisilotajwa halina shida, mawili ni hatari. Kagua vivyo hivyo kwenye njia na kwenye saa.

Halafu kuna lugha ya madokezo, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa:

"Anaishi karibu na" haina mpaka. Andika "nyumba zao zimepakana". "Baada ya" inaweza kuwa mara tu baada ya au wakati wowote baadaye, kwa hiyo sema ipi. "Akinyi au Barasa hupanda 58" ni sawa pale njia ni ya mtu mmoja, lakini "Akinyi hunywa chai au uji" itamfanya mtu akuulize kama anaweza kunywa vyote.

Saa ni mtego mkubwa kwetu. Kuna wanaosoma 7:00 kama saa saba na kuna wanaosoma kama saa moja, kwenye kundi hilohilo moja. Andika kwa maneno na taja wakati wa siku: saa 1 asubuhi. Tena usiandike "saa iliyo ndogo zaidi" ukimaanisha mapema, kwa sababu saa 1 asubuhi huja baada ya saa 12. Andika "wa kwanza kuondoka", "wa mwisho kuondoka".

---

BiHesabu amejibu:

La daraja: 21 ndiyo sahihi kwa nambari zako. Mbinu ya asili ni nzuri, ila haifai kila mara, na unaweza kujua kwa mstari mmoja wa hesabu.

Panga dakika kutoka mwepesi hadi mzito: a, b, c, d. Kwa watu wanne kuna mikakati miwili ya kushindanisha.

Wazito pamoja: a na b wanavuka (b), a anarudi (a), c na d wanavuka (d), b anarudi (b), a na b wanavuka (b). Jumla a + 3b + d.

Mwepesi msindikizaji: a anampeleka kila mmoja na kurudi na tochi. Jumla 2a + b + c + d.

Ukilinganisha hizo mbili, kinachoamua ni hiki: kama 2b ni ndogo kuliko a + c, wazito pamoja wanashinda. Kama 2b ni kubwa, msindikizaji anashinda.

Kwa 1, 2, 5, 10: 2b ni 4 na a + c ni 6. Wazito pamoja wanachukua 17, msindikizaji 19. Jibu 17. Kwa 1, 4, 5, 10: 2b ni 8 na a + c ni 6. Wazito pamoja 23, msindikizaji 21. Jibu 21. Kwa 1, 3, 5, 10 zinalingana, zote 20, na hapo ukiuliza "walivukaje?" utapata njia mbili zilizo sahihi. Uliza "dakika chache kabisa ni ngapi?"

Ukitaka ladha ya asili ibaki, tumia 2, 3, 7 na 12. Jibu ni 23, na anayetumia msindikizaji atapata 26. Lakini binafsi ningekushauri utoe yote mawili siku moja, 2, 3, 7, 12 kwanza, kisha 1, 4, 5, 10. Aliyekariri atanaswa na la pili, na mazungumzo yatakayofuata yatakuwa na faida kuliko jibu lenyewe.

Tahadhari hiyohiyo kwa mitungi. Mtungi wa lita 5 na wa lita 3, pima lita 4 kamili, bomba lipo: jaza wa 5, mimina ujaze wa 3, mwaga wa 3, hamisha zile 2 zilizobaki ziingie wa 3, jaza wa 5 tena, jalizia wa 3 kwa lita 1. Zimebaki 4 kwenye wa 5, hatua 6. Ukianza kwa kujaza wa 3 utafika pia, lakini kwa hatua 8, kwa hiyo kama unatoa alama sema ni hatua chache kabisa. Ukibadilisha ikawa mitungi ya 6 na 4 na kutaka lita 5, fumbo limekufa: kila utakachopata ni namba shufwa. Kiasi unachotaka lazima kigawanyike kwa kigawo kikubwa cha pamoja cha mitungi miwili, na kisizidi ujazo wa ule mkubwa kama kinatakiwa kukaa ndani ya mtungi mmoja.

Sarafu na mizani ya sahani mbili: mpimo mmoja una matokeo matatu (kushoto, kulia, sawa), kwa hiyo mipimo 3 inatofautisha hali 27 kwa juu kabisa. Sarafu 12, moja ni bandia na hujui kama ni nzito au nyepesi, ni hali 24. Inawezekana. Ukiweka 13 ni hali 26, bado chini ya 27, na watu hudhani inawezekana pia kuipata na kusema kama ni nzito au nyepesi. Haiwezekani. Ukipima 4 kwa 4 zikalingana, zimebaki 5 zenye hali 10, na mipimo miwili inatofautisha 9 tu. Ukipima 5 kwa 5 zikaegemea upande, una hali 10 vilevile. Basi usiende zaidi ya 12, labda uwape sarafu moja ya ziada inayojulikana ni halali.

---

mkazi_wa_donholm amejibu:

Asanteni sana Kalamu Nyekundu na BiHesabu. Kipimo cha kufunika nimekielewa vizuri. Je, kwa yale ya wakweli na waongo, ambamo kila mtu ama husema kweli daima ama uongo daima, na hayana jedwali la njia na saa, hesabu inaanzia wapi? Na la siri ya majibu bado nalisubiri.

---

Mwanamizani amejibu:

Kwa wakweli na waongo hesabu ni rahisi zaidi. Kila mtu ana hali mbili, kwa hiyo watu 3 ni mistari 8, watu 4 ni 16. Chora mistari yote, kisha kata kila mstari ambamo mkweli amesema uongo au mwongo amesema kweli.

Otieno anasema: "Wambui ni mwongo."
Wambui anasema: "Mimi na Halima ni wa aina moja."

Kati ya mistari 8 inabaki 2. Wa kwanza: Otieno mwongo, Wambui mkweli, Halima mkweli. Wa pili: Otieno mkweli, Wambui mwongo, Halima mkweli. Ukiuliza "kila mmoja ni nani?" una majibu mawili na ugomvi. Ukiuliza "Halima ni nani?" jibu ni moja, mkweli, ingawa hajafungua mdomo. Sijui fumbo fupi lenye utamu kuzidi hilo, na limepatikana kwa kubadilisha swali tu.

Ukitaka wote watatu wajulikane, mpe Halima sentensi. Akisema "Otieno ni mkweli", umebaki na mstari wa pili peke yake. Akisema "Mimi ni mkweli", hujaongeza kitu, maana sentensi hiyo mkweli anaweza kuisema na mwongo pia. Akisema "Otieno na Wambui ni wa aina moja", mistari yote imekatika na huna jibu hata moja: Halima ni mkweli kwa lazima, na wale wawili hawalingani kamwe. Pia usimwache mtu yeyote aseme "Mimi ni mwongo". Hakuna anayeweza kusema hivyo kwenye mchezo huu.

Andika sheria waziwazi kila mara: mkweli husema kweli daima, mwongo husema uongo daima, na wao wenyewe wanajuana. Usipoandika, yupo atakayedai kwamba mwongo naye husema kweli mara mojamoja, na hatakuwa amekosea.

Sharti lisilotajwa huweza kubadilisha jibu lenyewe. Chukua lile la milango mitatu. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Umechagua mmoja, mwendeshaji akafungua mwingine akaonyesha mbuzi, kisha anakuuliza kama utabadilisha. Ukibadilisha nafasi yako ni 2 kwa 3, lakini hiyo ni kwa sharti kwamba mwendeshaji anajua gari liko wapi na kila mara hufungua mlango wa mbuzi ambao hukuuchagua. Kama alifungua kwa kubahatisha na mbuzi akatokea tu, ni nusu kwa nusu. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant alipolijibu gazetini huko Marekani alipokea maelfu ya barua za kumpinga, nyingine za wasomi wa hisabati. Ukilitoa Jumamosi, andika sharti hilo kwa herufi nzito.

---

Shangazi wa Vitendawili amejibu:

Nami nishike la siri ya majibu, mwanangu, maana fumbo zuri likianikwa mapema ni hasara kwa wote.

Kwenye WhatsApp, kanuni inayofanya kazi ni jibu kwenda inboksi ya mwandalizi, si kundini. Kanuni ya mdomo peke yake haitoshi. Fungua mipangilio ya kundi, weka wasimamizi pekee ndio watume ujumbe, tuma fumbo, kisha fungua kundi saa uliyoitangaza, tuseme saa 3 usiku. Anayetoka kazini amechelewa atakuta swali liko safi.

Anayetuma jibu inboksi adaiwe pia hatua: "nipe jibu na hatua iliyokufungulia fumbo." Wanaonakili jibu kwa jirani hukwama hapo.

Ufumbuzi wenyewe ukitaka kuutuma kama hati ya PDF, weka jibu ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza huonekana kundini kabla mtu hajafungua. Jedwali la herufi na namba liwekee alama ya ` mara tatu mbele na mara tatu nyuma, ili herufi zote ziwe na upana mmoja, la sivyo safu zitapinda kwenye simu za watu. Kama mko tayari kuhamia Telegram, huko kuna maandishi yanayofunikwa mpaka mtu ayaguse: unaweka ||jibu|| kati ya mistari miwili miwili. Kuna pia kura ya namna ya mtihani, inayomwambia mtu papo hapo kama amepata. Lakini usiwahamishe watu kwa ajili ya hilo tu. Wengine wana bando la WhatsApp pekee.

Madokezo ya msaada yaandae kabla, matatu, kutoka hafifu hadi zito. Chukua lile tulilosoma sote shuleni, la chui, mbuzi na majani. Mtu ana mtumbwi unaombeba yeye na kimoja tu. Chui akiachwa na mbuzi atamla, mbuzi akiachwa na majani atayala.

Dokezo hafifu: ni kipi pekee kinachoweza kuvuka kwanza pasipo hasara? (Mbuzi, kwa sababu chui hali majani.)
La kati: hakuna sheria inayokataza kurudisha kitu ulichokwisha kuvusha.
Zito: safari ni 7, kwenda na kurudi zikihesabiwa.

Ona kwamba hakuna dokezo linalotaja hatua yenyewe. La kati ndilo lenye nguvu, kwa sababu watu hukwama palepale: wamevusha mbuzi, wamerudi, wamevusha chui, na hawafikirii kumrudisha mbuzi. Akirudishwa, majani yanavuka, mtu anarudi mtupu, mbuzi anavuka mwisho.

Kwa mkutano wa Jumamosi, wape wawili wawili karatasi moja na kalamu moja. Kila mtu akiwa na karatasi yake, mwepesi humaliza akaanza kusema jibu kwa sauti. Wakiwa na kalamu moja wanalazimika kukubaliana kabla ya kuandika. Na atakayesema "hili nalijua" mpe kazi ya kuangalia kama madokezo ya wengine yana walakini, asiachwe akae bure.

---

Kalamu Nyekundu amejibu:

Nakubaliana na Shangazi kwa yote. Naongeza neno kuhusu dokezo la ziada, nisije nikaeleweka kwamba lazima lifutwe. Kwa wanaoanza, liache. Dokezo la 2 kwenye mfano wangu linamwezesha mtu kuweka alama ya kwanza kwenye jedwali bila kufikiri sana, na alama ya kwanza humpa moyo. Kwa waliobobea, lifute, hesabu iwe 36, 12, 6, 1. Mpangilio wa madokezo nao una uzito. Ukianza na la 4 na la 3, fumbo linafunguka haraka. Ukiyaweka mwishoni kama nilivyofanya, mtu atatembea zaidi.

Na lile fumbo la nyumba tano linalozunguka kwenye makundi, la nani anafuga samaki au nani ana pundamilia, huja na maneno "liliandikwa na Einstein, asilimia 2 tu ya watu duniani wanaliweza". Tafadhali ukilituma yafute maneno hayo. Hakuna ushahidi wowote kwamba ni la Einstein, na hiyo asilimia 2 haina mwenyewe. Lilichapishwa katika jarida la Life International Desemba 1962. Fumbo lenyewe ni zuri: mipangilio ni 120 kuzidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani 24,883,200,000, na madokezo yasiyofika ishirini yanaiangusha hadi mmoja. Hilo ndilo la kusifia. Kumtisha mtu kwamba huenda hayumo kwenye asilimia 2 humfanya aache kabla hajaanza, hasa mtoto wa shule.

---

Visanduku81 amejibu:

Kwa kuwa wanafunzi wapo, nadhani sudoku itakuja tu, lile jedwali la visanduku 81 linalojazwa tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia katika mstari, safu wala chumba cha 3 × 3. Anayetunga kwa mkono akague mambo matatu kabla ya kupeleka saiba kuchapisha.

Namba ulizoacha zionekane zisipungue 17. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha University College Dublin, Ireland, walithibitisha kwa kompyuta kwamba 16 haziwezi kutoa jibu moja. Kuwa na 17 hakukuhakikishii kitu, na kwa mkono ni afadhali uache 26 hadi 30.

Kati ya tarakimu 1 hadi 9, angalau 8 tofauti zionekane. Kama 4 na 7 hazipo kabisa, zibadilishe kila mahali na jibu la pili limepatikana. Ni kanuni ileile ya Kalamu Nyekundu ya majina mawili yasiyotajwa.

La tatu huwaponyoka wengi. Kwenye jibu kamili, tafuta visanduku vinne vinavyounda pembe za mstatili katika mistari miwili na safu mbili, vikiwa ndani ya vyumba viwili tu vya 3 × 3, vyenye tarakimu mbili zilizopishana: 2 na 9 juu, 9 na 2 chini. Ukifuta vyote vinne, mchezaji anaweza kuvijaza kwa namna mbili. Acha angalau kimoja kionekane.

---

mkazi_wa_donholm amejibu:

Nimepata zaidi ya nilichoomba, Mungu awabariki. La mwisho kabisa: kuna lile la shilingi iliyopotea, mwanachama ameliomba litumwe wiki hii. Nimekopa 50 kwa mama na 50 kwa baba, nikanunua kitu cha 97, ikabaki 3. Nikamrudishia mama 1, baba 1, nikabaki na 1. Sasa nadaiwa 49 na 49, ni 98, ukiongeza 1 yangu ni 99. Nilitoe, au ni fumbo bovu?

---

BiHesabu amejibu:

Litoe, lakini kwa swali tofauti. Ukiuliza "shilingi moja iko wapi?" unawasukuma watu watafute kitu ambacho hakijapotea. Uliza: "hesabu gani kati ya hizi haikufaa kufanywa, na kwa nini?"

Deni la 98 tayari lina ndani yake 97 za dukani na 1 iliyo mfukoni. Kuongeza hiyo 1 ni kuihesabu mara mbili. Ukitaka kufika 100, jumlisha 98 unazodaiwa na 2 ulizorudisha. Ukitaka kufika bei ya dukani, toa: 98 kasoro 1 ni 97.

Wakikubali upesi mno, wape tena na nambari nyingine waone kwamba 99 ilitokea kwa bahati ya nambari zilizochaguliwa. Kitu kiwe cha 90, ibaki 10, kila mzazi arudishiwe 4, ibaki 2. Deni ni 46 na 46, jumla 92, na 92 ukiongeza 2 ni 94. Hapo hakuna atakayeuliza shilingi 6 zimekwenda wapi, kwa sababu 94 haikaribiani na 100.